Injini ya Mwalimu

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Nati, fundi mwenye gereji, shimoni chini ya gari la Mwalimu, tochi mkononi na shingo imepinda, akisoma namba ya injini kwa mara ya tatu. Tumpe nafasi aisome mara ya nne.

Aliisoma mara ya nne. Namba ilikuwa ileile. Iliishia na 655.

Kadi ya gari aliyoishika kwa mkono wa pili ilisema 308.

Mama Nati alizima tochi. Kwa wiki tatu nzima Mwalimu mstaafu alikuwa amekuja gerejini mara nane kulalamika kwamba injini aliyorudishiwa si yake, na mara zote nane aliambiwa, kwa heshima iliyozidi kupungua, kwamba ni yake. Mara ya saba Mama Nati alimshauri akapimwe masikio. Mara ya nane alimtoza bei ya kuangalia.

"Fundi," sauti ya Mwalimu ilishuka kutoka juu. "Umeona nini?"

"Bado naangalia, Mwalimu."

"Umeacha kuangalia. Tochi imezimika."

Ndiye mteja mwenyewe huyo. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na alipostaafu akabaki na gari jeupe, daftari dogo la mfukoni na muda mwingi. Katika daftari aliandika kila dosari aliyowahi kuiona baada ya gari kutoka gereji. Kiti kimesogezwa vidole viwili. Kioo cha pembeni kinaonyesha anga. Redio imehamishwa stesheni. Mafundi wa mtaa mzima walikuwa na msemo wao: ukimwona Mwalimu anaingia, wewe toka.

Na sasa Mwalimu alikuwa amesema kweli. Mama Nati aliona ingekuwa nafuu kama gari lingemwangukia.

"Shemeji," aliita. "Shuka huku."

"Nimeshanawa, shemeji."

"Shuka!"

Shemeji alishuka. Ni mdogo wa marehemu mumewe, fundi mzuri wa injini, na ndiye mtu msafi kuliko wote waliowahi kushika grisi. Alitandika gazeti kwenye kila ngazi kabla ya kuikanyaga. Walipokutana chini, walinong'ona, maana viatu vya Mwalimu vilikuwa vimesimama ukingoni mwa shimo, vimeng'arishwa, na ncha zimeelekea kwao.

"Wiki ile tuliposhusha injini mbili," alinong'ona Mama Nati, "hii ya Mwalimu na ile ya Mzee Kiwanja. Vitambaa ulifunga?"

Msomaji aliyeingia leo aelewe hapa. Magari hayo mawili ni meupe yote, aina moja, mwaka mmoja, na yote yalikuja kwa ugonjwa mmoja, sili imechoka na oili inavuja. Marehemu mumewe Mama Nati aliacha utaratibu wake: ukishusha injini mbili zinazofanana, ya kwanza ifungwe kitambaa chekundu, ya pili cha bluu, na kitambaa kisitoke mpaka injini irudi kwenye gari lake. Kwa utaratibu huo gereji ilikuwa imekaa miaka kumi na moja bila kukosea.

"Nilifunga," alisema Shemeji. "Nyekundu ya Mwalimu, bluu ya Mzee."

"Ukavifungua lini?"

"Sikuvifungua." Shemeji alifikiri. "Nilivifungua kuvifua tu."

"Kuvifua."

"Vilikuwa vimelowa oili, shemeji. Havitamaniki. Nikavifua kwa sabuni, nikavianika, vilipokauka nikavirudisha."

"Ukavirudisha wapi?"

"Kila kimoja kwenye injini yake."

"Ulijuaje kama ni yake?"

Shemeji alifungua mdomo kujibu. Akasahau kuufunga.

"Fundi," alisema Mwalimu huko juu. "Mbona mmenyamaza wote wawili?"

Sasa sikiliza ubaya wa jambo lenyewe. Mzee Kiwanja, mwenye ile injini nyingine, si mteja wa kawaida. Ardhi ambayo gereji imesimama juu yake ni yake. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na wiki mbili nzima amekuwa akisema atasaini mwingine wa miaka mitano, kesho, keshokutwa, akipata nafasi. Kuna mtu mwingine anakitaka kiwanja hicho apange matofali yake, na ameahidi kulipa zaidi.

Spana Mama Nati angeweza kuzihamisha. Jeki pia, na ubao wa bei, na benchi la wateja. Lakini shimo lile alilokuwa amesimama ndani yake mumewe alilichimba kwa mikono yake, akalijenga kwa matofali, akaweka ngazi saba. Gereji ikihama, matofali ya mtu yatafukia shimo hilo siku ileile. Mama Nati aliwahi kuliota jambo hilo, akaamka analia.

"Kuna njia," alinong'ona Shemeji. "Namba zenyewe zimegongwa tu. Patasi ninayo, tupa ninayo. Tunafuta hii 655, tunagonga 308. Nusu saa. Nitaisafisha vizuri, hata askari hataona."

Mama Nati aliwasha tochi tena, akaimulika ile 655. Tusidanganyane, wazo lilimvutia. Lilimvutia kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano, na asiyewahi kukaribia kupoteza gereji asimhukumu.

"Na sauti?" aliuliza mwisho.

"Sauti gani?"

"Sauti ya injini. Hiyo utaigonga kwa patasi ipi?"

Shemeji hakuwa na patasi hiyo.

Mama Nati alipanda ngazi saba. Mwalimu alikuwa pale pale, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani.

"Mwalimu, nipe saa moja. Kaa pale kwenye benchi."

"Saa moja ya nini?"

"Ya kunyoosha jambo."

"Kwa hiyo limepinda." Mwalimu aliukagua ubao wa bei ukutani. Kuangalia. Kushusha injini. Kurudisha injini. Halafu mstari wa chini kabisa, ambao Mama Nati aliuandika siku aliyokasirika: *Gari lililofunguliwa kwingine kwanza, bei nyingine*. "Fundi, swali moja. Wiki iliyopita nililipa bei ya kuangalia. Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Ukaona?"

"Sikuona."

"Basi ile bei ilikuwa ya nini?"

Kwa miaka yote aliyokuwa akibishana na wateja juu ya bei, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wengine hulia. Wengine hutaja ndugu yao mkubwa serikalini. Mmoja aliwahi kuzimia, akapepewa, akaamka na kuomba apunguziwe tena. Mama Nati alikuwa na majibu ya wote hao.

"Kaa kwenye benchi, Mwalimu," alisema taratibu. "Tafadhali."

Mwalimu alipangusa benchi kwa leso, akaketi.

Mama Nati alikwenda nyuma ya lundo la matairi, akampigia simu Mzee Kiwanja. Mpango wake ulikuwa mwepesi: gari lije, lishushwe injini, kila mtu apate yake, na maelezo yatolewe taratibu, pengine baada ya wino wa mkataba kukauka. Ndiyo, mpango ulikuwa na ujanja kidogo. Nimekwambia tusidanganyane.

"Shikamoo mzee. Gari lako nalihitaji hapa kidogo."

"Marahaba. La nini?"

"Kuliangalia tu. Bure."

"Binti yangu, mimi kwako bure siku zote. Sijawahi kulipa hata nati. Kwa nini leo umenitajia bure?"

"Ni huduma tu, mzee."

"Haya. Basi nina bahati, maana niko njiani nakuja. Nina mkataba mkononi, na nina mgeni. Usitoke." Akakata.

Mama Nati aliiangalia simu. Mkataba unakuja wenyewe kwa miguu yake! Alijifuta mikono, akajifuta tena. Alikuwa anarudi kumwambia Shemeji aandae winchi pale alipomwona Mwalimu amesimama.

Alikuwa ameinuka ghafla kutoka kwenye benchi. Kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Hiyo," alisema.

"Hiyo nini, Mwalimu?"

"Hiyo inayokata kona pale kwa muuza betri. Ni yangu."

Mama Nati alisikiliza. Alisikia mchomeleaji wa jirani, jenereta la saluni, pikipiki mbili na mtu anayetangaza viatu kwa kipaza sauti. Gari hakulisikia. Alihesabu sekunde kumi. Kumi na tano. Ndipo akalisikia, mngurumo wa chini, wa taratibu, usio na haraka na mtu. Gari jeupe likaingia langoni.

Mwalimu alilitoa daftari lake mfukoni. "Wiki tatu," alisema. "Mke wangu aliniambia labda ni uzee. Mkwe wangu aliniambia labda ni uzee. Nikaanza kukubali kwamba ni uzee."

Mama Nati aliona aibu. Si ile aibu ya kikazi inayoisha kwa kumpunguzia mteja bei. Aibu hasa, ya kumfanya mtu mzima na akili zake aamini anapotewa na akili.

Mzee Kiwanja alishuka bila kuzima injini. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi na tabasamu ambalo Mama Nati hakuwahi kuliona kwake. Kutoka mlango wa pili akashuka dada mmoja mwenye miwani na mkoba mkubwa.

"Huyu ana duka la dawa kule sokoni," alisema Mzee Kiwanja. "Ananunua gari langu. Tumeshakubaliana. Ila anasema hanunui mpaka asikie neno la fundi." Aliiweka bahasha juu ya boneti, akaipigapiga kwa kiganja. "Binti yangu, mwambie injini hii ikoje. Halafu tusaini mambo yetu."

Wote walimtazama Mama Nati. Shemeji alichungulia kutoka shimoni, kichwa tu.

Neno moja lilitosha. Nzuri. Wala lisingekuwa uongo.

"Injini hii ni nzuri sana," alisema Mama Nati.

"Umesikia?" Mzee Kiwanja alimgeukia mnunuzi.

"Ni nzuri kwa sababu mwenyewe ameibadilishia oili kwa wakati miaka kumi na minne, hajaruka hata mara moja."

"Umesikia?" alisema Mzee Kiwanja, ambaye hakuwahi kununua oili tangu azaliwe.

"Mwenyewe ni Mwalimu. Yule pale."

Injini iliendelea kunguruma kwa adabu.

Mama Nati alieleza yote. Alieleza injini mbili, vitambaa viwili, namba 308 na namba 655. Hakumtupia mtu lawama, alisema, "Nilikosea mimi, gereji ni yangu." Kutoka shimoni Shemeji akaongeza, bila kuombwa, kwamba alivifua kwa nia njema.

Mnunuzi alirekebisha miwani. "Na injini ya huyu mzee iko wapi?"

"Ndani ya gari lile, juu ya shimo."

"Naweza kuisikia?"

Shemeji alipanda, akaliwasha gari la Mwalimu. Injini ilikohoa. Ikapumzika, ikakohoa tena, ikatoa moshi wa rangi ya majivu, ikakohoa mara ya tatu kwa uchungu.

"Mimi nauza dawa ya kikohozi," alisema mnunuzi. "Sinunui kikohozi." Akafunga mkoba wake. Lakini hakuondoka, maana mambo yalikuwa yamenoga.

Tabasamu la Mzee Kiwanja lilikuwa limekwisha kitambo. Alimshika Mama Nati kiwiko, akamvuta mpaka kwenye lundo la matairi.

"Sikiliza," alinong'ona. "Bahasha ile ina miaka mitano. Kalamu ninayo. Rudi pale useme umechanganya namba, jua kali, umechoka. Injini ni yangu. Yule mstaafu analalamika kila siku, nani atamsikiliza? Nitaandika sita badala ya mitano."

"Mzee..."

"Saba."

Mama Nati alilitazama shimo. Kutoka pale alipo aliziona ngazi mbili za juu, na gazeti la Shemeji juu yake. Alitaka kusema ndiyo. Kisha akamwona Mwalimu amekwenda kusimama kando ya lile gari linalonguruma, ameinama kidogo, hafanyi lolote, anasikiliza tu.

Alirudi pale, akaingiza mkono dirishani, akazima injini. Ufunguo akautia mfukoni mwa ovaroli.

"Gari hili halitoki," alisema. "Keshokutwa jioni kila mtu ataondoka na injini yake. Mzee, yako nitaisafisha, nitaiwekea oili mpya, na sitakutoza."

"Hujawahi kunitoza!"

"Kwa hiyo hutaona tofauti."

Mwalimu aliondoa mikono nyuma ya mgongo. "Ahsante, fundi," alisema. "Na ile bei ya kuangalia?"

Mama Nati alitoa noti mfukoni, akamrudishia hapo hapo mbele ya watu. Alishangaa kuona kwamba ilimpunguzia mzigo.

Mzee Kiwanja hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliichukua bahasha kutoka kwenye boneti, akaikunja mara mbili, akaiingiza ndani ya koti. Halafu akatoa simu, akabonyeza namba, akaongea kwa sauti ya mtu anayeagiza simenti.

"Kituo cha polisi? Nina mwizi wa injini hapa. Ndiyo, gereji. Aliishusha injini ya gari langu kwa kisingizio cha matengenezo, akamfungia mtu mwingine. Na sasa ameninyang'anya ufunguo. Hapana, sina haja ya kuthibitisha, amekiri mwenyewe. Mbele ya mashahidi watatu. Subiri."

Aliishusha simu kifuani na kumgeukia Shemeji. "Umemsikia akikiri?"

"Mimi nilikuwa shimoni," alisema Shemeji. "Shimoni hakusikiki."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nasikiliza gari," alisema mnunuzi, akitazama kucha zake.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mama Nati aliona upenyo. Kukiri kusikosikika si kukiri. Mzee angebaki na maneno yake peke yake, naye angebaki na ya kwake, na injini zingerudi mahali pake kabla askari hawajajua ipi ni ipi.

Akabaki shahidi mmoja.

"Mwalimu," alisema Mzee Kiwanja. "Umemsikia huyu mama akisema kwamba injini yangu aliitoa kwenye gari langu, akaifunga kwenye lako?"

Mwalimu alimtazama Mama Nati. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa na shukrani, hilo lilionekana wazi. Mama Nati alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi ambacho hata nzi asingeruka. *Sema hapana, Mwalimu. Neno moja.*

Miaka thelathini na minne Mwalimu alikuwa amewaambia watoto wa watu kwamba jibu ni moja, ukipenda usipende.

Alinyoosha mkono, akaipokea simu ya Mzee Kiwanja kwa mikono miwili.

"Halo," alisema. "Ni kweli, amekiri. Njooni."